Kila riso shuleni iwe na mkoba wake wa vifaa

Bodi ya shule ya Likoni, Kisauni au Changamwe hapa Mombasa inapoketi kujadili ununuzi wa mashine ya kurudufu, ile inayojulikana kama riso, naisihi iweke katika hesabu ileile mkoba wa vifaa vya kuitengeneza. Kazi ya mashine hizi imeongezeka tangu mtaala wa umilisi (CBC) uanze, kwani tathmini za shuleni hupakuliwa kutoka tovuti ya Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC) na kila shule hujichapia. Mashine ikigoma siku ya kuzichapa, shule ya Likoni inayomngoja fundi wa kisiwani inangoja na feri pia. Tena huenda hitilafu yenyewe ni ndogo. Riso bado inafuata kanuni ya saiklostaili iliyoenezwa na David Gestetner kutoka London karne ya 19: wino hupenya matundu ya stenseli hadi kwenye karatasi. Siku hizi matundu huchomwa na kichwa cha joto kwenye utando mwembamba uitwao masta, nao huviringishwa kwenye ngoma yenye wino. Mstari mweupe unaoshuka ukurasa mzima mara nyingi ni uchafu uliokwama kwenye kichwa hicho, na dawa yake ni spiriti safi na kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Anayekikwangua kwa wembe atanunua kingine. Karatasi zikivutwa mbilimbili, itazamwe kwanza rimu iliyoachwa wazi katika unyevu wetu wa pwani, kisha raba ya kuvutia karatasi, ambayo hushika vumbi na kulika.

Kifaa ninachokililia zaidi ni bisibisi. Skrubu za mashine nyingi za Kijapani, riso ikiwemo, zina msalaba wa kipimo cha JIS, unaofanana mno na ule wa Phillips uliozoeleka madukani, ila umbo lake si lile. Bisibisi isiyokaa barabara huteleza na kula kichwa cha skrubu, kisha kazi ya dakika kumi inageuka kuwa ya kutoboa kwa drili. Ongeza spana za L, koleo la kufungulia ringi za shafti, kulabu ya springi, mita ya umeme na brashi laini; vyote huingia mkoba mmoja.

Wapo watakaosema asiye fundi ataiua mashine, au dhamana itabatilika. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana kazi igawanywe: karani achomoe waya wa umeme, asafishe kichwa na raba basi, gia na umeme aachiwe fundi, ambaye naye atakuta vifaa vinamngoja. Wengine watauliza kwa nini fotokopi isitoshe. Kwa nakala kumi inatosha. Lakini masta ni moja, utoe nakala 50 au 2,000, hivyo kila nakala inayoongezeka hushusha wastani wa gharama ya nakala moja, na shule yenye mikondo mingi huchapa kwa maelfu. Mkoba ukae kabatini, ufunguo kwa mtu mmoja, pamoja na daftari la kuandika kilichosafishwa, kilichobadilishwa, na idadi ya nakala iliyosomeka kwenye kaunta siku hiyo.