Marehemu Anapotakiwa Maisha Marefu

Wiki hii Facebook iliwakumbusha marafiki siku ya kuzaliwa ya mtu ambaye arubaini yake imeshapita. Wengine, wasio na habari ya msiba, wakamtakia maisha marefu, na mjane wake akayasoma yote. Inauma. Tangu 2015 kampuni hiyo humruhusu mwenye akaunti kuteua msimamizi wa ukurasa baada ya kifo, lakini wosia huo wachache huuandika. Wala kilichopakiwa hakidumu kwa hakika: mwaka 2019 mtandao wa MySpace ulikiri kupoteza nyimbo za zaidi ya miaka 10. Mwenye kuazima ghala hana amri ya ufunguo. Kuwaachia wafanyabiashara kumbukumbu za wafu ni uzembe. Msomaji, mteue msimamizi wako leo, na picha za wazazi uzichapishe.