Bangi kwa Wazee: Mwili wa Miaka 70 Si Ule wa Miaka 25

Leo naomba tuzungumze kuhusu bangi, na tafadhali usikimbie, sikuja kuhubiri.

Mimi ni muuguzi. Kazi hii nilisomea nyumbani Tanzania, kisha nikaongeza masomo huku Afrika Kusini. Hapa Troyeville, na kwa majirani zetu wa Bertrams na Jeppestown, kuna mtindo unaokua. Mama au baba anakuja kututembelea kutoka nyumbani, magoti yanamuuma, usingizi hana. Mtoto kwa mapenzi anapita dukani, ananunua kichupa cha mafuta ya dagga au biskuti zake, anampa mzee na kumwambia ni dawa ya asili, haina madhara.

Tarehe 18 Septemba 2018 Mahakama ya Katiba, pale Braamfontein, iliamua kwamba mtu mzima anaweza kutumia bangi faraghani, na Mei 2024 Rais Ramaphosa akatia saini sheria yake. (Kuiuza mitaani bado ni kosa, ingawa maduka unayaona.) Sheria inataka uwe umetimiza miaka 18. Haikuulizi kama una 75, wala muuza duka hakuulizi, na hapo ndipo mimi naona hatari.

Kinacholevya kwenye bangi ni THC, kitu kinachopenda mafuta kuliko maji. Ukivuta, hupita kwenye mapafu na ndani ya dakika chache unaijua hali yako. Ukila, hupita kwanza kwenye ini, na ini hukigeuza kuwa kitu kingine ambacho nacho kinalevya, tena kwa muda mrefu. Ndiyo maana biskuti inaweza kukaa kimya saa moja, hata mbili. Mzee anasema "mbona hii haina kitu", anaongeza ya pili, halafu zote zinampata usiku wa manane akielekea chooni.

Sasa ongeza umri hapo. Tunavyozeeka misuli na maji ya mwili hupungua na sehemu ya mafuta huongezeka, hata kwa mtu anayeonekana mwembamba. THC hukaa kwenye mafuta hayo na kutoka polepole. Ini nalo husinyaa, na damu inayopita humo hupungua. Kwa hiyo kipimo ambacho mwanao wa miaka 25 anakiona cha mchezo, kwako kinaweza kulewesha zaidi na kukaa hadi kesho yake. Tena bangi huupeleka moyo mbio na kushusha presha unaposimama ghafla. Nyumba zetu nyingi ni za zamani, zimejengwa mlimani, ngazi kila mahali. Mzee akianguka akavunjika nyonga, mnajua wenyewe safari yake inavyokuwa.

Wazee hawafanani. Mmoja atalala vizuri, mwingine kwa matone yale yale atachanganyikiwa, na familia itaanza kusema amerogwa, au akili zinamwishia.

Ninalolihofia zaidi ni dawa za kliniki. Vimeng'enya vya ini vinavyovunja THC ndivyo vinavyovunja warfarin, ile dawa ya kuzuia damu isigande. CBD, ile inayouzwa kama "isiyolevya", inaweza kuvizuia vimeng'enya hivyo visifanye kazi, warfarin ikajaa mwilini na mzee akaanza kutoka damu. Ukichanganya bangi na vidonge vya usingizi, usingizi unazidi kipimo.

Maoni yangu ni kwamba aibu ndiyo inayotuumiza. Mzee anaulizwa kliniki anatumia dawa gani, anataja ya presha na ya sukari, mafuta anayaficha kwa sababu nyumbani bangi ni ya wahuni. Wewe unayemsindikiza, sema. Peleka kichupa chenyewe. Kazi ya muuguzi ni kutibu, si kukupeleka polisi. Anayetumia warfarin asiguse mafuta hayo kabla daktari hajajua na damu haijapimwa. Mwingine akiamua kutumia, aanze na kidogo kabisa, asiongeze kabla ya saa nne, asiendeshe gari, na asiachwe peke yake usiku ule. Akiumwa kifua, au ukimwamsha haamki, piga 10177, au 112 kwa simu ya mkononi.

Na kichupa kilichobaki kisiingie kwenye begi la kurudia nyumbani. Tanzania bangi bado ni dawa ya kulevya kwa sheria ya mwaka 2015, na wakaguzi pale Uwanja wa Julius Nyerere hawatauliza habari za magoti.