Mikoba Saba, Daftari Moja

Jamani wasichana wenzangu wa Tunduma, hebu tuulizane ukweli: mikoba yote ile tunamringia nani?

Mimi nilikuwa nayo saba, yote ya mtumba. Kuna wa kung'aa, kuna na kapochi kasikoingia hata daftari. Lakini siku zangu ni zile zile: asubuhi navuka mpaka kwenda Nakonde, jioni narudi kwa mguu katikati ya foleni ya malori na vumbi lake. Harusi nakwenda mbili kwa mwaka. Kumbe mingi nilimnunulia msichana mwingine, siyo mimi!

Siku moja nikaona nipendeze, nikabeba ule wa kung'aa. Hauna zipu. Mvua ikanikuta njiani, sura ya tatu ya riwaya yangu ikageuka wino mtupu. Nakala nyingine sina.

Eti mwenye mkoba mmoja ni mshamba? Tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini, hata nyanya zinahitaji mfuko wa maana. Mkoba usiobeba kitu ni pambo la msumarini.

Nikauza mitano. Nikabaki na miwili: mmoja wa harusi, na mmoja wa turubai wenye zipu, wa kuvaa begani. Hela nikanunulia madaftari.

Nawe unayejiita mwandishi, mwaga mikoba yako kitandani leo. Ambao hujaugusa mwaka mzima, uuze. Halafu kaa, uandike.