Moto wa Kuota Nyumbani

Ndugu zetu wa pwani, wanaolala madirisha wazi mwaka mzima, huenda wakashangaa tukizungumza habari za kutia nyumba joto. Lakini Ikoma iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na katika kipupwe, mbingu zikiwa hazina mawingu, joto la mchana hupotea usiku, na alfajiri mtu hutia udhu akitetemeka. Ndipo jiko la mkaa, likiisha kupika chakula cha jioni, huingizwa katika chumba wanamolala watoto. Desturi hiyo inaua.

Husemwa kwamba wazee wetu waliota moto ndani ya nyumba na hawakufa. Lakini nyumba zao ziliezekwa kwa nyasi, na moshi ulipata njia ya kupenya (ingawa akina mama waliumwa macho na vifua). Nyumba za leo ni za matofali, bati na vioo, na wakati wa baridi twaziba hata upenyo ulio chini ya mlango.

Mkaa hutudanganya kwa kuwa hauna moshi mwingi. Unapowaka hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu akiivuta huingia katika damu na kukamata mahali pa oksijeni, tena hushika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Kichwa huuma, moyo huchafuka, viungo hulegea. Aliye macho aweza kutoka nje. Aliyelala huenda asiamke kabisa. Kufunika makaa kwa majivu hakuizuii. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mtoe nje upesi, afikishwe hospitali apewe oksijeni; usikawie mle ndani kummwagia maji.

Mtume wetu (s.a.w.) alitukataza kuuacha moto ukiwaka nyumbani tunapolala, na katika zama zake nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na watu wake.

Basi tuchague nini? Jiko la gesi la kupikia si la kuotea, kwani nalo hula hewa ya chumba. Hita ya umeme haitoi sumu hiyo, lakini yenye wati 2,000 ikiwaka mfululizo saa nne hula yuniti 8, ambazo zingewasha taa ya wati 10 kwa saa 800! Mwenye uwezo na ainunue, aiweke mbali na chandarua, wala asiichomeke katika waya mwembamba wa kuungia. Kuni nazo si za kuchezea kwa jirani wa Hifadhi ya Serengeti, ambamo kukata miti ni marufuku.

Sisi twaona fedha ya kwanza iende katika dari, maana bati tupu hupoteza joto upesi mno. Kisha yafuate mablanketi, na soksi na kofia za watoto wakubwa. Mtu mzima aweza pia kutia kitandani chupa ya mpira yenye maji ya moto yasiyochemka, imefungwa vema na kuviringishwa kitambaa. Mwenye hamu ya kuota moto na aote uani pamoja na jamaa zake, kisha auzime. Chumbani iachwe nafasi ya hewa kupita, lakini nafasi hiyo isiwe udhuru wa kuliingiza jiko.