Goma–Kinshasa: saa mbili angani, siku nzima na zaidi njiani

Kutoka Goma hadi Kinshasa, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilometa 1,570. Ndege ya jeti huzimaliza kwa saa mbili hadi mbili na nusu. Ikiondoka Goma saa nne asubuhi, abiria wanashuka Kinshasa yapata saa tano na nusu kwa saa za huko, kwa kuwa Kinshasa iko nyuma ya Goma kwa saa moja. Kwenye ramani, hiyo ni safari ya asubuhi moja.

Hali ya wakaaji wa Kivu Kaskazini ni nyingine. Mwisho wa Januari 2025, M23 ilipouteka mji wa Goma, uwanja wa ndege ulifungwa kwa abiria. Barabara ya lami isiyokatika kutoka Goma hadi Kinshasa haipo. Anayetaka kufika mji mkuu wa nchi yake akabaki kuvuka mpaka kuingia Gisenyi, kupanda basi hadi Kigali, kisha kutafuta ndege inayopitia mji kama Nairobi, kwani Kongo ilizifungia anga yake ndege za Rwanda. Ukijumlisha njia hiyo yote unapata kama kilometa 3,300, zaidi ya mara mbili ya njia ya moja kwa moja.

Mzigo huo hauwaelemei wote sawasawa. Mfanyabiashara mkubwa analipa tiketi na hoteli, halafu anapandisha bei ya bidhaa. Mgonjwa aliyetumwa kwa daktari bingwa, au mwanafunzi anayefuata hati zake wizarani, hana wa kumtupia gharama hiyo. Tena lazima awe na pasipoti, kana kwamba anakwenda ugenini, ilhali anatoka jimbo moja la Kongo kwenda lingine.

Oktoba 2025, mjini Paris, Rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba uwanja wa Goma utafunguliwa tena kwa ndege za misaada. Dawa na chakula vinahitajika, lakini raia naye anahitaji kusafiri. Wapo wanaoogopa kwamba uwanja ukifunguliwa, ndege zitaleta silaha, au anayeushika mji atahesabiwa kuwa mwenye nchi. Hofu hiyo ina msingi. Dawa yake ni ukaguzi wa kila ndege unaofanywa na watu wasioegemea upande wowote. Kumzuia mgonjwa hakujasimamisha risasi hata moja.

Wajumbe wa serikali na wa M23 wanaojadiliana Doha waandike safari za raia ndani ya makubaliano, wakitaja tarehe na nani atasimamia uwanja. Na siku ndege zitakaporudi, serikali iangalie bei: hata kabla ya vita hivi kufika Goma, tiketi ya kwenda Kinshasa ilizishinda familia nyingi. Uwanja uliofunguliwa kwa wenye pesa peke yao utamwacha mkaaji wa kawaida mbali na Kinshasa kama alivyo leo.