Mzazi Mwenye Biashara Naye Ahesabiwe Siku Zake

Wiki iliyopita nilisimama kununua nyanya katika soko la mtaani kwetu, Dar es Salaam. Chini ya meza, kati ya matenga, palikuwa na boksi la sabuni lililotandikwa khanga, na ndani yake kichanga kimelala, ngumi zimekunjwa. Nikauliza umri wake. "Ana siku kumi na tisa," mama alijibu, mkono mmoja ukipanga mafungu, mwingine ukifukuza nzi.

Siku 19! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa aliyejifungua siku 84 za likizo yenye malipo, na siku 100 akijaliwa zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini, anaruhusiwa hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku. Mama wa nyanya hana hata moja katika hayo, kwa kuwa hana mwajiri.

Tunahubiriwa sasa kwamba zama za kusaini daftari asubuhi zinapita, na kwamba mzazi mwenye biashara yake hujipangia muda. Sibishi kwamba simu imefungua milango ya riziki. Mama auzaye mitandio hupokea oda akiwa jikoni, akalipwa papo hapo, akamkabidhi bodaboda mzigo mlangoni. Lakini zitazameni saa zake. Oda ya kwanza huingia kabla ya adhana ya alfajiri, na ya mwisho saa tano usiku. Mtoto anavuta khanga, naye anamwambia, "Subiri mwanangu, nimjibu mteja." Muda tuliosema ni wake, wateja wameshaugawana.

Basi dada zangu, jiwekeeni saa ya kufunga kama duka lifungwavyo, na mteja aijue. Nanyi wa michezo ya kupeana fedha, mwenzenu akishika mimba kaeni na kijumbe, zamu yake isogezwe iangukie mwezi wa kujifungua, apate cha kula akiwa ndani. Hilo halihitaji Bunge.

Kwa akina baba nasema kwa uchungu. Sheria inampa baba mwajiriwa siku 3 tu, nasi tunalalamika kuwa ni chache. Lakini wewe mwenye gereji au duka lako, usiye na bosi wa kumwomba ruhusa, mbona siku ya pili ulikuwa umeshafungua? Uhuru huo unaouringia barazani, mkeo aliuona lini?

Nazo halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni jambo jema. Ila mkopo haumbebi mtoto, na siku ya rejesho haijui kama mama ametoka leba juzi. Siku ile niliponunua nyanya, mkusanya ushuru alipita na mashine yake, akamkatia mama wa nyanya risiti, naye akaichomeka pembeni mwa boksi, karibu na miguu ya mtoto. Anayelipa ushuru kila siku ana haki ya kudai chumba kimoja sokoni, chenye mkeka, maji safi na mlezi anayelipwa. Soko letu lina stoo nyuma ya mabucha, imefungwa kufuli miaka nenda rudi. Wenye ufunguo wakaifungue.