Mtunza Ndala Naye Anataka Kucheza

Katika kundi la watoto wanaocheza rede au kombolela mtaani, mara nyingi yupo mmoja aliyeketi kando, juu ya tofali, akilinda ndala za wenzake. Hajachoka. Mguu wake haukimbii, au macho yake hayauoni mpira ukija, au mama yake amemkataza jua kwa ajili ya ngozi yake. Wenzake hawamchukii, wamempa kazi, na wanadhani wamemheshimu. Jioni ikifika wote hurudi nyumbani wamejaa vumbi, isipokuwa yeye.

Mtoto huyo hunijia akilini kila nipitapo kwenye uwanja mpya wa watoto. Bembea zimepakwa nyekundu na njano, utelezi una ngazi ya chuma iliyosimama wima, na kutoka getini hadi kwenye kila chombo pametandazwa mchanga mzito. Fedha zimetumika, utepe umekatwa, na mtunza ndala amejengewa mahali pengine pa kukaa kando.

Kisheria jambo hili halina utata. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 31, unatambua haki ya kila mtoto kucheza. Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 30, unazitaka nchi zihakikishe mtoto mwenye ulemavu anashiriki michezo sawa na wenzake, shuleni pia. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania 2009. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 nayo inataja kucheza na kupumzika sambamba na chakula, malazi na matibabu. Utata huanza pale fundi anapouliza: sasa tujenge nini?

Jibu linalokuja haraka ni kununua chombo maalumu. Australia wamelijaribu jibu hilo kwa moyo. Huko ilibuniwa bembea iitwayo Liberty Swing, ambayo mtoto hupanda akiwa ndani ya kiti mwendo chake, bila kubebwa wala kuhamishwa. Kwa mtoto aliyeishi akitazama wengine wakipaa, hilo ni jambo kubwa, na aliyelibuni anastahili shukrani. Tatizo ni uzito. Jukwaa la chuma linalobeba mtoto pamoja na kiti chake linaweza kumjeruhi vibaya mwenzake anayekatiza mbele yake, kwa hiyo bembea hiyo huzungushiwa uzio, na lango lake hufunguliwa kwa ufunguo maalumu. Mzazi anafungua, mtoto anaingia, anabembea peke yake ndani ya uzio huku wenzake wakiwa nje. Bembea ameipata. Wa kucheza naye hajampata.

Wapo wabunifu waliotafuta njia nyingine. Bembea ya kuzunguka huzamishwa chini hadi sakafu yake ikalingana na ardhi. Kiti mwendo kinaingia, na watoto wengine wanarukia humo humo. Bembea pana ya duara, mfano wa ungo mkubwa, humbeba mtoto asiyeweza kukaa wima akiwa amelala, na dada yake akiwa ubavuni. Vyombo hivi havina kibao kinachosema ni vya nani. Kila mtoto anavigombania, na ndivyo inavyopasa kuwa.

Marekani wao wameanzia ardhini. Viwango vyao vya mwaka 2010, vilivyokuwa vya lazima kuanzia Machi 2012, vinataka njia imara isiyozamisha magurudumu, na angalau nusu ya vyombo vya kuchezea vilivyoinuliwa juu viweze kufikiwa. Mteremko wa kupandia vyombo hivyo usizidi sentimita 1 ya kimo kwa kila sentimita 12 za urefu. Hata hivyo kanuni hizo hizo, pale ambapo vyombo vya juu havifiki 20, zinakubali kibaraza cha kuhamia badala ya mteremko: mtoto anakiacha kiti chini na kujivuta kwa mikono, ngazi baada ya ngazi. Mkaguzi ataridhika. Mtoto atafika juu amechoka, na kiti chake kiko chini.

Tena kiti mwendo ni sura moja tu ya ulemavu. Mtoto mwenye ualbino anahitaji kivuli, na mwembe uliokatwa kupisha ujenzi hauoti upya kwa mwaka mmoja. Mwenye usonji anaweza kuzidiwa na kelele; mpe kona tulivu ya kupumulia, naye atarudi mchezoni. Asiyeona husaidiwa na ukingo anaoweza kuufuata kwa fimbo, na ardhi inayobadilika chini ya nyayo kumwonya kwamba bembea iko karibu. Kiziwi anahitaji kuwaona wenzake, asizibiwe na kuta.

Najua pingamizi. Mwalimu mkuu ambaye shule yake ina bembea mbili zilizokatika minyororo ataniuliza kama sijaona kwamba hata watoto wasio na ulemavu hawana pa kuchezea. Nimeona, na hoja yake ni nzito. Sakafu za mpira zinazotandazwa Ulaya na Marekani ni ghali, na simshauri mtu anunue sakafu kabla ya madawati. Lakini mengi niliyoyataja huamuliwa kwenye mchoro, kabla fedha hazijatoka: mti ubaki, lango liwe pana, njia ipite wapi. Mchanga una kazi yake, humpokea anayeanguka, basi uwekwe pale mtoto anapoweza kuangukia, na njia ya zege au kifusi kilichoshindiliwa itoke getini hadi ukingoni mwa kila chombo. Fundi wa kuchomelea anayetengeneza mageti yetu anaweza kuunda kiti cha bembea chenye egemeo na mkanda. Anaweza pia kuunda meza ya mchanga iliyoinuliwa, magoti ya aliyeketi yakaingia chini yake. Kuyafikiria haya mapema ni nafuu. Kuvunja zege baadaye ndiko ghali.

Hata hivyo zege na chuma havimwiti mtoto mchezoni. Gordon Hartman, mfanyabiashara wa San Antonio, Texas, amesimulia jinsi binti yake Morgan alivyowaendea watoto waliokuwa wakirushiana mpira bwawani, nao wakaondoka kwa kutojua wafanye naye nini. Mwaka 2010 alifungua Morgan's Wonderland, bustani ya michezo ambamo mwenye ulemavu huingia bure. Mimi katika kisa hicho naona jambo lililo karibu nasi zaidi. Bwawa lilikuwepo, maji yalikuwemo, Morgan alikuwa ameshaingia. Kilichokosekana ni mazoea, na mazoea hayaji kwa ziara ya siku moja kwenye bustani ya mbali. Huja kwa kukutana kila siku, wakati wa mapumziko, katika uwanja ule ule wa shule.

Ndiyo maana naziomba halmashauri, kamati za shule na wafadhili jambo moja. Kabla ya kusaini mkataba wa uwanja, mwiteni mtunza ndala na mama yake waione michoro na kuikanyaga ardhi yenyewe. Kisha pimeni hivi: je, anaweza kutoka getini hadi kwenye mchezo wenye wenzake ndani yake, bila kubebwa na bila kusubiri ufunguo? Kama hawezi, mchoro urudi mezani.

Ndala zitarundikana pembeni kama kawaida, bila mlinzi, na huenda mbili tatu zikapotea. Lakini jioni mama yake atampokea mlangoni, atamtazama kuanzia nywele hadi miguu, na kwa mara ya kwanza atamfokea kwa vumbi alilokuja nalo.